Ngozi na Umri

Ngozi ni vazi la kwanza la mwanadamu na ni vazi lake la mwisho. Nguo nyingine zote huvuliwa na kubadilishwa, lakini hili halivuliki. Kulitunza, basi, si upuuzi wala si anasa. Kosa huanza pale mtunzaji asahaupo kazi ya vazi lenyewe. Ngozi ni ngao kabla ya kuwa pambo: huzuia jua, vumbi na vijidudu, na huhifadhi maji ya mwili. Mahitaji ya ngao hiyo hubadilika kwa umri. Kwa sababu hiyo, mtu achaguaye dawa ya uso hana budi kujiuliza maswali mawili: ngozi yake yahitaji nini katika umri alio nao, na ni jicho la nani limwambialo kuwa ina kasoro.

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika nchi ya dhahabu, tangu Bulyanhulu mkoani Shinyanga mpaka Geita. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, nao huchenjua mawe kwa mitambo na kemikali za namna yake. Wachimbaji wadogo wa nchi hiyo wana njia yao. Husaga mawe katika makarasha, huosha unga wake mialoni, kisha hutia zebaki. Zebaki huzishika chembe za dhahabu zikawa donge. Donge huchomwa motoni. Zebaki hupaa kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Zebaki hiyo hiyo, iliyogeuzwa chumvi, hutiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha uso. Mwaloni hushika dhahabu. Usoni huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu.

Watu wengi hudhani kuwa hatari ya zebaki imo mwaloni peke yake. Mwaka 1999 daktari wa Kijapani Masazumi Harada, aliyejulikana kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa Minamata, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa zebaki katika nywele za wachimbaji dhahabu, wavuvi na jamaa zao, na wakazi wa Mwanza. Walio wengi walikuwa na kiasi kidogo. Wachache walikuwa na kiasi kikubwa mno, na wengi wa wachache hao walikuwa na mazoea ya kuogea sabuni iliyotiwa zebaki. Sumu iliyotafutwa machimboni ilionekana bafuni.

Na utazamwe umri mmoja baada ya mwingine. Msichana wa miaka 20 ajaye Kakola kuuza chakula au nguo huja na chunusi zake, ambazo ni jambo la kawaida la ujana. Huona kuwa mweupe husifiwa zaidi, naye hununua mkorogo: krimu mbili tatu zilizochanganywa na muuzaji asiyejua kipimo. Ndani yake mna steroidi, au haidrokwinoni, au zebaki, au zote pamoja. Baada ya majuma machache uso hung'aa, na hapo ndipo ulipo udanganyifu, kwa maana dawa hii hulipa mapema na kudai baadaye. Steroidi hukondesha ngozi, huleta chunusi nyingine na kuchora michirizi. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuacha mabaka meusi yasiyoondoka. Chunusi za ujana zingalitosheka kwa sabuni isiyo kali, subira, na mganga wa hospitali zikizidi.

Umri wa uzazi huleta jaribu kubwa zaidi. Mimba, ikisaidiwa na jua, huweza kutia madoa ya kahawia mashavuni na katika paji la uso. Aghalabu madoa hayo hufifia baada ya kujifungua. Lakini mama aogopaye kuwa mumewe, mwenye fedha za machimbo mfukoni, atavutwa na uso mwingine, hana moyo wa kungoja. Basi hushika mkorogo katika wakati ambao haufai kabisa, kwa kuwa zebaki huvuka kutoka kwa mama kuingia kwa mtoto tumboni, na hufuata hata maziwa. Hata akihitaji kupasuliwa ili ajifungue, ngozi iliyokondeshwa na steroidi hupona kwa uzito. Uchaguzi wa umri huu si wa mtu mmoja. Ni wa wawili, na mmoja wao hana sauti.

Mtu wa makamo, mwanamke aponde mawe juani au mwanamume azamaye katika duara, hupata mikunjo, ukavu na nyufa za mikono. Wanaume husema kuwa mambo ya ngozi ni ya wanawake, hali wao ndio washikao zebaki kwa viganja vitupu. Umri huu hauhitaji cha kung'arisha. Wahitaji kofia pana, kivuli, glavu, na mafuta ya kulainisha ngozi.

Uzee nao una hatari isiyotibiwa kwa krimu. Usukumani, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Wekundu huo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kuni na samadi, uliopuliziwa miaka 50 katika jiko lisilo na bomba. Hapa tiba ya uso ni jiko jema, na dawa iliyo kubwa kuliko hiyo ni akili njema ya jirani.

Wako pia wale ambao kwao uchaguzi hauna umri, maana huanza siku ya kuzaliwa. Watu wenye ualbino hukosa melanini, rangi ile ile ambayo mkorogo hutengenezwa ili kuifukuza. Saratani ya ngozi huwawahi wengi wao wakiwa bado vijana. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kazi ya kutengeneza mafuta ya kuwakinga na jua ilianza mwaka 2012. Hao ndio watu ambao, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, waliwindwa katika Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali, hata mali ya machimboni. Hivyo katika nchi moja, chini ya jua moja, huyu hutoa fedha ili aondolewe kitu ambacho yule hufa kwa kukikosa.

Sheria haikulala. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliviwekea mipaka vipodozi vya zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa vyote ifikapo 2025. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Lakini mkaguzi hawezi kusimama mbele ya kila kioo. Mbele ya kioo husimama mtu na umri wake, pamoja na sauti za waliomsifu na waliomcheka. Jamii isifuyo weupe haina haki ya kumlaumu msichana anunuaye kopo. Kopo lile limejazwa na wote. Anayetaka nyuso za Bulyanhulu zipone na aanze kwa ulimi wake, kwa kuchunga anachokisifu mbele ya watoto.