Wale Majambazi Waliomlea Yesha

Wasee, kama mathe wako alikuwa anakufukuza sebuleni saa ya "The Promise" pale KTN, basi Wafilipino si wageni kwenu. Machozi yao tunayajua tangu enzi za Angelo na Yna. Lakini hii ya leo inaanza na kicheko, na hapo ndipo inakushika.

"Miracle in Cell No. 7" ilikuwa hadithi ya Wakorea, 2013. Wafilipino wakatoa yao tarehe 25 Desemba 2019, kwenye tamasha la Metro Manila. Kule msimu wa Krismasi sinema zinaweka filamu za nje kando, zinaonyesha za nyumbani tu, na familia zinaenda pamoja, nyanya mpaka kitoto. Hii ndiyo iliuza kuliko zote mwaka huo.

Stori iko hivi. Joselito, anayeigizwa na Aga Muhlach, ni mtu mzima mwenye akili ya mtoto, na ana binti mdogo, Yesha. Mtoto wa mkubwa mmoja anakufa, Joselito anabebeshwa kesi, anahukumiwa kifo. Huko ndani anamwokoa mkubwa wa seli, anaulizwa anataka nini kama asante. Anamtaka Yesha. Basi majambazi wazima, matatoo na sura ngumu, wanamwingiza msichana mdogo jela kisiri, wanaanza kuhangaika kumficha kila askari akipita. Utashika mbavu, nakuambia.

Sasa, karibu kila mtu humlilia Joselito kwa sababu hana hatia. Hiyo ni rahisi. Nani atakosa kumhurumia? Mimi walionisumbua ni wale wengine. Hao walifanya makosa kweli, na ndio wanamlinda mtoto wa mwenyewe kama wao ndio walimzaa. Muvi inawatumia kuchekesha, halafu inawasahau kidogo, na hapo naidai. Pia seli yao ni safi na ina nafasi mno. Jela za Ufilipino zinajulikana kwa msongamano, watu wanalala kwa zamu.

Na hii si hadithi ya mbali kwao. Ufilipino ilirudisha hukumu ya kifo 1993, ikaua watu 7 kwa sindano kati ya 1999 na 2000, ikaifuta 2006. Kisha 2017 bunge lao la chini likapitisha mswada wa kuirudisha kwa kesi za mihadarati. Mswada ulikwama kwa Seneti. Kwa hivyo watu waliojaa sinema ile Krismasi walikuwa wanacheka na kitu ambacho kilikuwa bado kinabisha mlango.

Huku kwetu hukumu bado iko kwenye vitabu, ingawa mtu wa mwisho alinyongwa 1987, na 2017 Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kuitoa.

Na watoto? Kwetu mtoto mchanga anaruhusiwa kukaa gerezani na mzazi wake mpaka afike miaka minne. Enda Lang'ata ya wanawake utawapata. Lakini ruhusa hiyo ni ya mama tu. Baba kama Joselito, hata Kenya, angehitaji majambazi.