Usikizibe Kidirisha

Unazijua zile pikapu za Datsun za miaka ya 1970. Mbele ya kioo cha mlango kuna kidirisha cha pembe tatu kinachozunguka kwenye pini mbili, juu na chini. Ukikifungua kidogo, upepo unakufikia.

Mpira wake ukikauka na kupasuka, mvua yetu ya alasiri hapa Kisii na Nyamira hupenya. Maji hushuka ndani ya mlango, na kutu hula bati kabla hujaiona. Wengi hukiziba kwa silikoni. Hewa inakatika, lakini kutu iliyo ndani inaendelea kula.

Fundi mzuri hutoa fremu, hulegeza pini kwa mafuta bila kulazimisha, husugua kutu, hupaka rangi, kisha huvalisha mpira mpya kwa maji ya sabuni. Mwisho humwaga maji apime.

Wewe uliyeumizwa, Mithali 4:23 inasema tuulinde moyo. Haisemi tuuzibe. Mwachie Bwana aguse kutu ya ndani, kisha leo mpigie simu yule ndugu mliyenyamaziana. Mungu akubariki. Amina.