Kutoka Tepu Nyeusi hadi Lagi Iliyozibwa

Nilipoanza ufundi wa umeme wa maboti, hapa Dar es Salaam, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mashua za dagaa zilitoka usiku na karabai, na mashine nyingi ziliwashwa kwa kuvuta kamba. Umeme ulikuwa wa boti za abiria na za watalii: taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, nyeupe nyuma, na pampu ya kutoa maji ngamani. Namna ya kuunga nyaya ilikuwa moja tu: menya, sokota, zungushia tepu nyeusi. Ndivyo tulivyofundishwa, na nchi kavu ilitosha.

Baharini haitoshi. Mashine ikinguruma, kila waya unatikisika. Jua linalainisha gundi ya tepu, tepu inalegea, hewa ya chumvi inapenya. Chumvi nayo huvuta unyevu, kwa hiyo kiungo hakikauki hata chombo kikipandishwa ufukweni. Baada ya msimu wa kusi tulikuwa tukifungua tepu na kukuta shaba imegeuka kijani, na ukizidi kuumenya waya unaona weusi umepanda ndani ya ganda, mbali na pale ulipoungwa.

Kutu hiyo haikati umeme kwa mara moja, na hapo ndipo ilipotusumbua kwa miaka. Hupunguza kidogo kidogo. Betri ya volti 12 haina ziada ya kupoteza: kiungo chenye ukinzani wa ohm 0.1 tu, kifaa kikivuta ampea 10, kinameza volti 1 nzima na kuigeuza kuwa wati 10 za joto hapo hapo. Taa inafifia, pampu inazunguka kwa unyonge, lawama inaiangukia betri. Nimewaona wenye maboti wakinunua betri mpya, na mwezi mmoja baadaye shida ni ile ile.

Kisha zikaja konekta za skrubu, zile za plastiki nyeupe zinazokatwa kama vipande vya muwa. Zilionekana nadhifu. Lakini skrubu yake huziminya nyuzi za shaba na kuzikata, hulegezwa na mtikisiko, na mara nyingi ni ya chuma, kwa hiyo hushika kutu kabla ya waya. Vile vikofia vya kusokotea nyaya za nyumba navyo havifai. ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya boti, limevikataza kabisa.

Wengi wetu tukahamia kwenye lehemu, tukiamini tumefika. Umeme ulipita vizuri, lakini lehemu hupanda kati ya nyuzi na kuzifanya kijiti kimoja kigumu. Pale ugumu unapokoma na waya laini kuanza, mtikisiko hukunja mahali hapo hapo kila siku, hadi waya unakatika. Ndiyo maana viwango vya ABYC haviruhusu lehemu iwe ndiyo pekee inayoshikilia waya.

Lagi za kubana, vile vichwa vinavyobanwa kwenye ncha ya waya, zilikuwepo zamani. Kampuni ya AMP, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1941, ilizitengeneza kwa ajili ya ndege na meli. Kwetu zilichelewa kuaminika kwa sababu tulizibana kwa plaiasi ya kawaida, inayoifanya lagi kuwa bapa na kuacha uwazi ndani. Koleo la kazi hiyo haliachii mpaka limefika mwisho wa kubana, na likibana sawasawa, shaba ya waya na shaba ya lagi hugandamana hadi hewa haina pa kukaa. Rangi nazo zina kazi: nyekundu kwa waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, bluu kwa 1.5 hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Waya mwembamba kwenye lagi ya njano hautashika, ubane utakavyobana.

Kilichotusukuma kubadilika ni dagaa. Karabai zilipoanza kuachia nafasi taa za LED na betri, mashua ambayo haikuwa na hata waya mmoja ikawa na mlolongo wa taa, na kila taa ina viungo vyake. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, na siku hizo ndizo zangu za kazi. Taa ikizimika usiku wa giza, samaki wanatawanyika na mafuta yameshachomwa. Nahodha mmoja mtu mzima aliniambia, "Fundi, mwanangu, taa nzuri ninazo. Nipe zitakazowaka mpaka alfajiri." Maneno hayo yamebaki kuwa kipimo changu.

Leo nachagua hivi. Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Lagi iwe ya shaba iliyopakwa bati. Kariakoo naingia na sumaku mfukoni, na lagi inayonasa naiacha dukani, kwa kuwa ndani ni chuma. Iwe ya pete, si ya uma, ili skrubu ikilegea waya usichomoke. Iwe na mrija unaosinyaa kwa moto na wenye gundi ndani, nami siondoi moto mpaka gundi imechungulia pande zote mbili. Silikoni inayonuka siki siipaki karibu na shaba, maana asidi yake huila. Kiungo nakiweka juu, mbali na ngama, na waya naushusha kidogo kabla haujaingia kwenye kiungo, ili maji yadondoke chini.

Vijana ninaowafundisha huanza kwa kubana na kuvuta kabla sijawapa taa kuifunga. Na kwa mwenye mashua nina ombi moja: kabla hujalipa, mwambie fundi avute kila lagi mbele yako, kisha apime volti kwenye taa ya mwisho huku zote zikiwaka. Kwa taa za kuongozea chombo, ABYC inataka upotevu wa volti kati ya betri na taa usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kwa betri ya 12. Ukizidi hapo, usinunue betri. Mrudishe fundi kwenye viungo.