Boksi la hewa lililogoma kutoka

Mliokuwa mnaniuliza kwa nini nimekuja kwenye mikutano ya waandishi wiki nzima na kucha zenye grisi, jibu ni hili: boksi la hewa.

Nina Honda XL125S ya miaka ya 1980, pikipiki ambayo marehemu baba mdogo aliitumia enzi za ubwana shamba wake. Siku za karibuni ilianza kukohoa na kuishiwa nguvu. Kufungua chujio la hewa, nikakuta sponji imeoza, inamomonyoka kama mkate mkavu. Ndani ya boksi kumejaa makombo, vumbi na kiota cha nyigu. Halisafishiki likiwa mahali pake. Lazima litoke.

Hapo ndipo kasheshe. Boksi hili la plastiki limebanwa katikati ya fremu, nyuma ya kabureta na mbele ya tairi la nyuma. Ukilivuta kulia linagota kwenye chuma, ukilivuta kushoto linagota vilevile. Mpira unaoliunganisha na kabureta umekauka hadi umekuwa kama kifuu cha nazi.

Fundi wa mtaani kwetu, mzee ninayemheshimu sana, alikuwa na dawa ya dakika mbili: msumeno. "Kata, tupa. Itavuta hewa yenyewe, mwanangu."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hapo utanisamehe."

Tupige hesabu, wadau. Injini hii ina cc 124 na ni ya mipigo minne, kwa hiyo huvuta hewa mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nawe umevuta mafuta yote, inaweza kumeza karibu lita 370 za hewa kwa dakika. Na hewa yetu ya Dodoma wakati wa kiangazi mnaijua. Vumbi lile lina chembe za mchanga, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia, zinasugua ringi na silinda kama msasa. Halafu kabureta yenyewe ilipangiliwa kufanya kazi na boksi hilo. Petroli gramu 1 huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Ondoa boksi bila kubadilisha jeti, hewa itazidi na injini itapata joto kupita kiasi.

Kilichosaidia ni kufuata mpangilio. Tulitoa siti, vifuniko vya pembeni na betri. Tukafunga petroli, tukafungua nati mbili za kabureta na kulegeza kibano cha mpira. Bolti za boksi zilifunguka vizuri isipokuwa moja, iliyojificha nyuma pale matope ya tairi yanaporukia. Ile tuliipaka mafuta ya kulainisha kutu, tukaiacha usiku kucha.

Kesho yake nikachemsha maji ndani ya nyumba, mbali na petroli. Nikalowesha kitambaa, nikauzungushia ule mpira, nikarudia mara nne. Ukalainika! Kabureta ikatoka. Tukakunja mdomo wa mpira kwa ndani, tukalizungusha boksi robo mzunguko, likapita kati ya vyuma bila hata mkwaruzo. Mzee akacheka, akaurudisha msumeno kwenye sanduku lake mwenyewe.

Nimeliosha kwa sabuni, nikaliacha likauke. Nikaweka sponji mpya ya chujio, nimeilowesha oili na kuikamua. Wakati wa kurudisha nilipaka mpira maji ya sabuni ili uteleze. Jana pikipiki imewaka kwa teke la pili, na kukohoa kumekwisha.

Sina picha nyingi za baba mdogo, lakini mlio wa injini hii naukumbuka tangu nikiwa mtoto. Nisingependa uishie kwenye vumbi. Kwa hiyo kama nawe una pikipiki ya kurithi, na fundi keshashika msumeno, mwombe asubiri kwanza maji yachemke.