Pepo wa laptopu yangu ana jina

Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitulazimisha kusema "kipakatalishi". Tulicheka sana, lakini akaeleza: unakipakata mapajani, kama unavyompakata mtoto. Basi Jumatano ya wiki iliyopita changu kilikuwa hakipakatiki. Nilikiweka mapajani nikakiondoa papo hapo. Kimechemka kama pasi, feni inanguruma utadhani kinu cha kusaga mahindi, na hapo sijafungua programu hata moja.

Kuanzia hapa nitasema laptopu, mwalimu anisamehe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ule ujumbe ulikuwa umetokea tena pembeni mwa skrini: kuna sasisho, usasishe sasa au ukumbushwe baadaye. Mimi ni mtu wa "baadaye" tangu sijui lini, kwa sababu ya data. Huku Mwabungo intaneti yangu ni ya simu, nafungua hotspoti, na sasisho moja kubwa linaweza kunilia data ya wiki nzima. Lakini usiku huo nilikuwa nimenunua data ya usiku, ile ya bei rahisi, nikasema haya, leo tumalizane. Nikabonyeza, nikalala.

Asubuhi programu ninayohariria video, ambayo kwa kawaida hufunguka kabla sijamaliza kukoroga chai, ilichukua dakika 11. Nilizihesabu. Kishale kinarukaruka. Unaandika herufi, inatokea ukiwa umeshasahau ulitaka kuandika nini. Betri inayonipa saa 3 iliisha kwa dakika 50. Na Ijumaa nilitakiwa kukabidhi video ya harusi ya watu wa Msambweni, ambayo nusu ya malipo nilikuwa nimeshapewa na nimeshayala.

Nikaweka kwenye status: laptopu imegoma baada ya kusasisha, nifanyeje? Jamani, nyinyi! Ndani ya nusu saa nilikuwa na majibu zaidi ya 20. Virusi. Ongeza RAM. Hiyo ni eks-UK, ulitarajia nini? Mwingine akaniambia nizime niwashe, nikamwambia nimeshazima mara nne. Lakini jibu lililoshinda yote lilikuwa moja: fomati.

Nikapanda matatu hadi Ukunda. Fundi aliiwasha, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akasema, "Dada, mashine imezeeka. Tufute yote, tuweke mfumo upya, au anza kutafuta nyingine." Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu asubuhi. "Vitu vyako umevihifadhi mahali pengine?"

Sijavihifadhi popote.

Video ya harusi ningeomba radhi, ningerudisha pesa, ningetukanwa kidogo, yakaisha. Lakini ndani ya laptopu hiyo kuna folda inaitwa BIBI. Mwaka juzi nilianza kumrekodi bibi yangu kwa simu, anazungumza Chidigo: jinsi babu alivyofanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa, nani alizaliwa mwaka wa njaa gani, miti gani mtu haruhusiwi kukata kule kaya na kwa nini. Rekodi 31. Simu yenyewe niliishauza. Na bibi siku hizi anasahau. Ukimuuliza habari za Ramisi anakuuliza, "Ramisi ipi?" Kwa hiyo zile rekodi siwezi kuzirudia, hata nikinunua kamera ya namna gani.

Nikamwambia fundi nitarudi kesho. Nikaondoka na laptopu yangu ikiwa bado inapumua kwa shida.

Nyumbani nilimkuta bibi barazani anashona makuti. Mikono yake haijasahau kitu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikawasha laptopu pembeni yake, nayo ikaanza.

"Mke mwenzangu," akasema (ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu), "hiyo mashine yako mbona inalia?"

"Sijui, bibi. Imelala nzima, imeamka hivi."

"Ina pepo."

Nikacheka. Nikamwambia nitaipeleka ikafutwe kila kitu. Akatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye kuti lake. Pepo hafukuzwi hivi hivi, akasema. Mwanzo huulizwa jina lake nani na anataka nini.

Aliyekulia huku anajua anachosema. Kwenye ngoma ya pepo mgonjwa hukalishwa, na pepo huulizwa kwa upole. Mwingine anataka marashi, mwingine nguo ya rangi fulani. Akishasema jina lake na haja yake, ndipo mazungumzo yanaanza. Sikuambii uamini. Nakuambia kwamba katika ushauri wote niliopewa siku hiyo, wa bibi peke yake ndio ulioniambia niulize kwanza kabla ya kufuta.

Nikauliza. Kwenye laptopu kama yangu unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha linafunguka lenye kila kitu kinachoendeshwa ndani ya mashine muda huo. Bonyeza juu ya safu ya prosesa, vile vinavyokula zaidi vinapanda juu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: prosesa asilimia 97, diski asilimia 100, na kilichokaa juu kabisa ni kitu ambacho sijawahi kukifungua maishani mwangu. Nikanakili jina lake kwenye simu, nikalitafuta.

Ni kiorodheshi. Kazi yake ni hii: ukiandika "harusi" kwenye kisanduku cha kutafutia upate jibu papo hapo, lazima awepo aliyekwisha kuyasoma mafaili yako yote na kuyaandikia orodha, kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu. Sasisho kubwa likija, wakati mwingine orodha ya zamani hutupwa na kazi inaanza upya, faili moja moja. Mimi nina mafaili zaidi ya elfu 60, na diski yangu ni ya zile za zamani zinazozunguka, zenye kichwa kinachosogea huku na huku kama sindano ya santuri. Diski za kisasa hazina kitu kinachosogea, kwa hiyo mwenye laptopu mpya hasikii hata mnong'ono. Ongeza joto la pwani. Ongeza na tabia yangu ya kuiweka juu ya godoro, ambalo linaziba matundu ya hewa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, kwa hiyo kazi iliyokuwa ya saa 3 inakuwa ya saa 8, na muda wote huo wewe unalaani.

Hapa niruhusuni nitoke nje ya njia kidogo. Programu hizi zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia zina jina la zamani, na jina hilo ni pepo. Kweli. Mwaka 1963 watu wa Project MAC pale chuo cha MIT, Marekani, waliokuwa wakitumia kompyuta ya IBM 7094, walianza kuziita "daemon", neno lililotoka kwa Wagiriki wa kale na maana yake ni pepo au roho. Walilichukua kutoka kwenye mfano wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewaza kiumbe kidogo kisichoonekana, kinachochambua chembe za hewa bila kuchoka. Na pepo wao wa kwanza alikuwa na kazi gani? Kunakili mafaili ya watu kwenye tepu, ili yasipotee. Yaani pepo wa kwanza wa kompyuta alikuwa anafanya ile kazi ambayo mimi mwaka wa pili sasa nimeshindwa kuifanya. Nilipomsimulia bibi alisema tu, "Si nilikwambia."

Turudi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuua. Nikabonyeza kumaliza kazi, feni ikanyamaza, nikashangilia, na baada ya sekunde chache karudi. Nikamuua tena, karudi tena. Mfumo umeamriwa umwamshe kila akianguka, kwa hiyo huwezi kushinda kwa njia hiyo. Nikasoma kwamba dawa ya kawaida ni kumwacha amalize: chomeka umeme, iweke laptopu mahali pagumu penye hewa, kalale. Nikaiweka juu ya ubao, nikalala.

Alhamisi asubuhi bado inanguruma. Wengi hapa ndipo wanapokata tamaa, na mimi nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda Ukunda. Lakini kwenye mipangilio ya utafutaji kuna mahali panapoonyesha idadi ya vitu vilivyokwisha kuorodheshwa. Nikaangalia: 41,316. Nikanywa chai. 41,316. Nikaoga, nikarudi, 41,316. Huyu hakuwa anafanya kazi tena, alikuwa amekwama, kama matatu iliyozama kwenye mchanga, dereva anakanyaga mafuta na gurudumu linazunguka palepale.

Anakwama wapi? Folda zangu kubwa ni 16. Mipangilio ileile inakuruhusu kumwambia asiguse folda fulani. Nikamkataza 8. Baada ya muda feni ikatulia, kwa hiyo ubaya uko ndani ya hizo 8. Nikamrudishia 4, feni ikabaki kimya. Nikamrudishia 2 nyingine, ikaanza kunguruma. Kwa majaribio 4 nilikuwa nimesimama mbele ya folda moja, na ndani yake faili moja la video lisilofunguka, ambalo nalikumbuka vizuri sana. Siku ile ya harusi nilikuwa nahamisha klipu kutoka kwenye simu, matatu ikapiga honi, nikachomoa waya kabla haijamaliza kunakili. Faili lililokatika katikati. Kila kiorodheshi kikilifungua kinaanguka, kinaamshwa, kinalifungua tena. Orodha ya zamani ilikuwa imeandikwa kabla ya harusi hiyo, na ilipobidi kuanza upya ndipo mimi na ujinga wangu tukakutana.

Nikalifuta. Klipu yenyewe nilikuwa nayo nzima mahali pengine. Nikamrudishia pepo folda zote, na alasiri laptopu ilikuwa imenyamaza kabisa. Mashine ileile iliyozeeka.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Ningefomati, ingepona! Faili bovu lingefutika pamoja na kila kitu, laptopu ingerudi nyepesi, na mimi ningekuja hapa kuwaambia fundi ni mkali sana na fomati ndiyo dawa. Rekodi 31 zingekuwa zimeenda kwa sababu ya klipu moja ya sekunde 40 ya watu wanaingia ukumbini. Fundi simlaumu, analipwa kwa kumaliza kazi haraka na foleni ni ndefu. Lakini ni wangapi kati yenu mmeshafomati, mmeshanunua nyingine kwa mkopo, kwa tatizo ambalo lilikuwa na jina na mahali?

Na wanaotengeneza mifumo hii nao nina neno nao. Feri ya Likoni ikichelewa, hata makanga wa matatu atakugeukia akwambie feri moja imetolewa, tulieni. Shida iko wapi kuandika mstari mmoja kwenye skrini: naorodhesha mafaili yako upya, nimefika 41,316, faili hili linanishinda? Taarifa hiyo mashine ilikuwa nayo. Ilinibidi niichimbe mwenyewe siku mbili, kwa data yangu.

Kuna watakaosoma hapa wakasema basi dawa ni kutosasisha. Hapana. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 100, hospitali za Uingereza zikiwemo, na sasisho la kuziba tundu ililopitia lilikuwa limeshatoka tangu Machi. Sasisha. Ila sasisha siku ambayo kesho yake huna kazi ya mtu, na vitu vyako viwe vimeshanakiliwa mahali.

Video ya harusi nilikabidhi Jumamosi, siku moja baadaye. Bwana harusi alinuna kidogo, akalipa.

Nimenunua flashi mbili pale Ukunda. Moja itakaa kwangu, moja kwa shangazi Msambweni. Ninapoandika haya rekodi ya 19 ndiyo inayonakiliwa, ile ya Ramisi, ndefu kuliko zote, na matatu imepiga honi mara mbili nje. Waende tu. Sichomoi.