Plaketi Moja Imekwisha, Ingine Ingali Nene

Hapa Rughenda shoferi akiona plaketi ya freni imekwisha, ananunua ingine, anaweka, anaenda. Kisha siku chache imekwisha tena, upande ule ule. Mimi huwa ninamuuliza: ni nini inayoikula? Maana kwenye njia ya Beni, mvua ikinyesha, gari yenye kufunga freni upande mmoja inavutwa pembeni, na juu ya mizigo wamekaa mama zetu.

Zile za zamani usizitupe mbio. Ziweke mbili mbili, uzitazame. Kama ya ndani imeisha kuliko ya nje, mara nyingi pistoni imekwama, ao vile vyuma etriye inatelezea vimekauka grese. Vumbi letu linajua hiyo kazi!

Kama gurudumu moja tu linawaka moto, sukuma pistoni irudi. Ikikataa, fungua vise ya kutolea hewa. Ikirudi sasa bila nguvu, usishitaki pistoni: mpira wa mafuta umevimba ndani, mafuta hayapati njia ya kurudi. Ikikataa bado, ni pistoni yenyewe.

Na usipake grese yoyote tu. Ya kawaida inavimbisha mipira. Uliza ile ya freni.