Ngamia Mwenye Afya

Sisi wa Nyunzu ngamia twamjua kwa picha tu, akiwafuata Mamajusi kwenye pango la Noeli. Ni mnyama mpole. Lakini mwaka 2012, huko Saudi Arabia, ilitambuliwa homa ya mapafu itokayo kwake, na kati ya wagonjwa waliojulikana tangu hapo, yapata mmoja katika watatu amekufa. Virusi vyake hukaa puani mwa ngamia, hasa mdogo, naye huonyesha mafua hafifu tu, pengine hata hayo hana. Mwaka 2019 wachungaji watatu wa Marsabit, Kenya, walikutwa navyo.

Je, ngamia auawe? Katika ukame, watoto wa mchungaji watakunywa nini? Maziwa na yachemshwe, mikono inawiwe. Mnyama aachwe aishi.

Tusidhani hayo ni ya jangwani tu. Ugonjwa wa mpox ulitambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza hapa kwetu Kongo, Basankusu, mwaka 1970, kwa mtoto mchanga. Nao hudhaniwa hutoka kwa kindi na panya wa msituni. Mwindaji huleta mnyama mnono, naye mama humchuna kwa mikono yenye michubuko, mtoto yu mgongoni. Nani atamshuku mnyama mnono? Mtoto awekwe mbali, nyama iive kabisa. Na mnyama aliyeokotwa amekufa asiguswe, ingawa kwa hilo mjomba wangu nami tungali twabishana.